Somo: Kumwadhibu anayeng'ang'ania askari wa c4

Wengi wetu hapa Kampala tumeingia kwenye chesi tukitokea kwenye drafti, ambako kula ni lazima. Tabia hiyo ndiyo tunayoitega leo. Tandaza ubao, unacheza na nyeupe. Herufi na namba, kama d4, ni jina la mraba; nikitaja mraba peke yake, kama c4, ni askari anayesogea hapo.

Hatua ya 1: sogeza askari wa malkia hadi d4. Mweusi anajibu d5.

Hatua ya 2: c4. Unamtolea askari, naye anamla. Mpaka hapo hajakosea.

Hatua ya 3: e3, askofu wako anamtazama yule wa c4. Mweusi mwenye choyo anamkinga kwa b5. Hapo ndipo kosa lilipo.

Hatua ya 4: a4, unamgonga b5. Anaongeza ulinzi kwa c6.

Hatua ya 5: kula b5, naye anakula kwa askari wa c. Sasa usikimbilie. Angalia mstari wa mshazari kutoka f3 hadi a8: e4, d5, c6, b7, zote tupu!

Hatua ya 6: malkia f3. Ngome ya a8 haina pa kwenda, na kuiokoa lazima atoe kete. Kwa kawaida huweka farasi c6. Mle, ni shaha (mfalme wake anashambuliwa). Askofu akija d7, malkia wako aende a6, analindwa na ngome ya a1. Una farasi wa ziada. Kuanzia hapo badilishana kete kubwa kila upatapo nafasi, malkia kwanza.

Maswali ya wanachama

Kocha, hatua ya 4 akicheza a6 badala ya c6?
Kula b5. Akirudisha kwa askari wa a, ngome yako inakula ya a8 bure.

Nikila ngome ya a8, malkia wangu hatafungiwa na askofu wa b7?
Kula a7 utoke. Ngome ya a1 iko nyuma yako.

Akicheza e5 hatua ya 3?
Huyo amesoma. Kula c4 kwa askofu, mkibadilishana d4 utabaki na askari mpweke (asiye na askari wenzake pembeni) katikati, ila kete zako zina nafasi. Mchezo bado mbichi.

Kwa hiyo Mweusi asile c4 kabisa?
Anaweza kula, mradi asing'ang'anie. Wengine hukataa tu: mwaka 1927, Buenos Aires, Capablanca na Alekhine walicheza michezo 34 ya ubingwa wa dunia, na 32 kati yake Mweusi alikataa askari huyo.