Kufunga Power Commander kwenye pikipiki ya Harley

Wadau, kama umebadilisha ekzosi na ea klina (filta ya hewa) halafu ukiachia mafuta inapiga paa paa na injini inachemka kuliko zamani, ujue hewa imezidi mafuta, hapo ndo Power Commander, kidude cha kurekebisha kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye injini, kinapohitajika.

Iache ipoe, toa siti, chomoa hasi ya betri. Kifaa kinaingia kati ya nyaya za pikipiki na mfumo wake wa mafuta, plagi dume kwa jike, hukati waya hata mmoja. Sasa hapa usiharakishe: mulika kila plagi na tochi, pini ikiwa imepinda kidogo tu usilazimishe, inyooshe taratibu, alafu sukuma mpaka usikie "ka". Mi hua naivuta tena kidogo kuhakikisha. Waya wa ground unafunga kwenye hasi ya betri pamoja na ule wake wa zamani, ukilegea pikipiki itasumbua na utalaumu kifaa bure. Nyaya zote mbali na ekzosi, na siti isizibane.

Mwisho chomeka USB kwenye laptopu uweke mapu (mpangilio wa kiasi cha mafuta) inayoendana na ekzosi na filta yako, sio ya jirani.