Kulwa kakubali, Doto kagoma: kutafuta ugonjwa wa gia kwenye gari la injini mbili

Gari langu ni Corolla AE100 niliyoipasua nyuma nikaingiza injini ya pili. Kiti cha nyuma kilienda kwa jirani, mpaka leo anakikalia barazani. Injini ya mbele inaitwa Kulwa, ya nyuma Doto. Hapa Mwanza mapacha huwapi majina mengine. Kila moja ina gia boksi yake ya gia tano, lakini leva ni moja na pedeli ya klachi ni moja. Shida yote inaanzia kwenye hiyo "moja". Mkono unasikia leva imegoma, haukuambii ni pacha yupi aliyegoma. Nilimshusha Kulwa gia boksi mara mbili, siku nne za kazi, nikakuta mzima kabisa. Mgonjwa alikuwa Doto.

Kwa hiyo kabla hujashika spana, watenganishe. Chomoa pini za kebo zote mbili kwenye gia boksi ya nyuma, rudisha mkono wake nyutro kwa vidole, halafu washa injini ya mbele peke yake uzunguke mtaa. Kisha fanya kinyume chake. Ndiyo maana kila injini lazima iwe na swichi yake. Citroën walilijua hilo kwenye 2CV Sahara ya miaka ya 1960: injini mbili, leva moja, swichi mbili, na dereva aliweza kurudi nyumbani na injini moja. Ukikuta kila boksi peke yake inaingia gia vizuri, lakini zikiwa pamoja zinagoma, usifungue boksi yoyote. Tatizo liko kwenye klachi au kebo.

Kipimo cha klachi ni rahisi. Injini moja imezimwa, nyingine iko sailensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Kanyaga pedeli mpaka chini, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi taratibu. Rivasi ya boksi hizi haina sinkronaiza, ile ringi inayolinganisha kasi ili gia iingie bila kusaga, kwa hiyo haifichi kitu: ikisaga, klachi haijaachia. Rudia kwa injini ya pili.

Na mara nyingi itasaga moja tu. Masta silinda, pampu ya mafuta iliyo kwenye pedeli ya klachi, ya inchi 5/8 ilitengenezwa kusukuma slevu moja, yaani silinda ndogo inayosukuma klachi kule kwenye gia boksi. Ukiigawia slevu mbili, kila moja inapata nusu ya mwendo wake, tena kama zote zingekuwa sawa. Haziwi sawa. Mafuta huenda kwanza kwenye presha plate (sahani ya springi inayobana klachi) iliyo laini. Pedeli ikifika nusu, Kulwa keshaachia. Ikifika sakafuni, Doto bado kashika. Presha plate moja mpya na moja ya mtumba ni kujitafutia ugomvi, nunua mbili za aina moja.

Unaweza kufunga masta kubwa zaidi. Eneo la pistoni hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo chake, kwa hiyo kupata mafuta mara mbili unahitaji kama inchi 7/8, siyo inchi moja na robo kama kijana wangu alivyopiga hesabu. Ila pedeli itakuwa nzito karibu mara mbili. Mimi nilichoka, nikafunga masta mbili za 5/8 sambamba, zinasukumwa na bamba moja gumu, kila fimbo ina nati yake ya kurekebisha. Uzito wa pedeli haukupungua, lakini sasa kila pacha anapata mwendo wake kamili. Usiweke ile fimbo ya mizani ya breki za magari ya mashindano. Ile inasawazisha nguvu, wewe unataka umbali ulio sawa.

Angalia pia njia ya bomba la mafuta ya klachi linalokwenda nyuma. Langu lilikuwa na nundu juu ya ekseli, na hewa ilikaa pale hata tungetoa mara kumi. Nililishusha, hewa ikaisha siku hiyohiyo.

Kebo za nyuma ni ndefu, na kila kona inakula mwendo. Shika ganda la kebo kwa nguvu karibu na ncha zote mbili, lisitembee hata milimita. Kama gia inachomoka ukiachia mafuta, tazama maunti za injini kwanza: injini ikiyumba, inavuta kebo yenyewe.

Sasa, kipimo ninachokipenda. Funga saa mbili za mizunguko, zile zinazoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, moja kwa kila injini. Barabara imezifunga injini zote pamoja, kwa hiyo zinapaswa kusoma sawa. Kwenye boksi zangu uwiano wa gia ya pili ni 1.904 na wa ya tatu 1.310. Ikiwa Kulwa yuko ya tatu kwenye 3,000 na Doto anasoma karibu 4,360, Doto kabaki gia ya pili. Achia mafuta mara moja. Tofauti ikiwa ndogo na ya asilimia ileile kwenye kila gia, mfano 3,000 kwa 3,180, difu zako, gia za mwisho zinazopeleka nguvu magurudumuni, hazifanani uwiano: moja 3.722, nyingine 3.941. Dukani zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Au umefunga tairi za saizi tofauti. Na kama tofauti inatokea ukipanda kilima cha Bugando tu, klachi ya anayesoma juu inateleza.

Ukimaliza yote hayo na gia ya pili bado inasaga kwenye boksi moja, klachi ikiwa safi, hapo ndipo ufungue: ni ringi ya sinkronaiza. Lakini pima oili kwanza. Doto nilimlaza nyuma kidogo ili mfuniko ufunge, na tundu la kupimia likahama naye. Oili ilimwagika pale kana kwamba imejaa, kumbe ndani ilipungua. Siku hizi silitazami tundu; namwaga yote, napima lita 1.9 kwenye chupa, najazia kwa bomba la juu.