Kuchagua rangi zilizo sawa machoni kwa majaribio ya kuona

Mtafiti anayechunguza kama watu hukumbuka nyekundu kwa urahisi kuliko kijani lazima kwanza ahakikishe kwamba rangi hizo hazitofautiani kwa mwangaza, la sivyo atapima mwangaza huku akidhani anapima rangi. Njano kamili ya kompyuta na buluu kamili zote hutengenezwa kwa thamani ya juu kabisa, yaani 255, lakini katika CIELAB, mfumo unaoeleza rangi kwa namba zinazokaribia jinsi jicho linavyoiona, ung'avu (mwangaza unaoonekana, kutoka 0 ya nyeusi hadi 100 ya nyeupe) wa njano hiyo ni takriban 97 na wa buluu ni 32 tu. Kwa sababu hiyo, gurudumu la rangi la programu za kuchorea halifai kwa kazi hii.

Anza na CIELAB yenyewe, iliyotolewa mwaka 1976 na CIE, tume ya kimataifa inayoshughulikia vipimo vya mwanga na rangi. Shikilia ung'avu kwenye 70 na ukolevu (nguvu ya rangi ikilinganishwa na kijivu) kwenye 35, kisha badilisha peke yake pembe, yaani namba inayosema rangi ni ya aina gani kwenye duara la rangi. Ukitaka rangi nane, sogea nyuzi 45 kila mara, na umbali kati ya rangi mbili jirani utakuwa takriban vipimo 27 vya CIELAB. Usikoleze zaidi kwa tamaa ya kupendeza: kwa ung'avu huo, ukipita 40 hivi, rangi iliyo kati ya kijani na buluu haionyesheki tena kwenye skrini ya kawaida ya sRGB (kiwango cha rangi kinachotumiwa na skrini nyingi), na programu nyingi huikata bila kukuarifu.

Hesabu hizo hazina thamani mpaka skrini ipimwe. Zima marekebisho ya mwanga ya kiotomatiki na hali ya usiku, iache skrini ipate moto kwa nusu saa, kisha ipime kila rangi kwa kipima mwanga katika chumba kilekile cha jaribio. Iwapo nyeupe inatoa kandela 100 kwa mita ya mraba, kila rangi ya ung'avu 70 inapaswa kutoa takriban 41. Isiyofika irekebishwe kwa kipimo, wala si kwa jicho lako.

Hata hivyo, macho ya watu hayalingani. Pale ambapo usawa wa mwangaza ndio msingi wa hoja yako, mwonyeshe kila mshiriki rangi mbili zikipokezana haraka mahali pamoja, kila moja kwa fremu mbili kwenye skrini ya herzi 60, naye aongeze au apunguze mwangaza wa moja hadi kumetameta kufikie kiwango cha chini kabisa. Washiriki wapimwe pia kwa vibao vya Ishihara, picha za nukta zinazobaini upofu wa rangi nyekundu na kijani, kabla ya kuanza.

Kuhusu mandhari ya nyuma, kijivu ndicho salama, ila kikiwa na ung'avu uleule wa 70 kingo za maumbo huonekana kufifia. Kama jaribio linadai umbo lionekane wazi, chagua kijivu cheusi zaidi na ukitumie kwa rangi zote.