Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kugeuza Muswada wa Maandishi Matupu Kuwa Kitabu

Mombasa ina miswada mingi inayongoja: diwani za mashairi, historia za mitaa, tasnifu za chuo. Wapo sasa wanaoiandika kwa maandishi matupu yenye alama chache za Markdown (alama nyepesi za kuonyesha vichwa, orodha na kadhalika), kisha Pandoc, programu ya kugeuza faili, na LaTeX, programu ya kupanga kitabu, hupanga kurasa. Njia hii ni nzuri na haihitaji kununua leseni. Ila makosa yake mengi hayapigi kelele. Programu haigomi, PDF inatoka inapendeza, kumbe ndani ubeti umevunjika. Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa kwenye muswada wenyewe, kabla ya kuamuru lolote.

Anza na ritifaa. Muswada uliopigwa chapa na watu zaidi ya mmoja huwa na ng'ombe na ng'ambo za kila namna: mmoja katumia ritifaa iliyonyooka, mwingine iliyojipinda, wa tatu ile alama ya kulalia upande (`) iliyo chini ya kitufe cha Esc. Hiyo ya tatu ndiyo hatari, kwa sababu katika Markdown hufungua na kufunga maandishi ya msimbo wa kompyuta. Zikikutana mbili katika aya moja, kila kilicho kati yake hutoka kwa herufi za taipureta, na alama zenyewe hupotea, msomaji akabaki na “ngombe”. Ikiwa moja tu, inabaki ilivyo, na hapo ndipo mtu hudanganyika kwamba mambo ni salama. Itafute muswada mzima uibadilishe. Anayeandika Kimvita na kutenga t na t', au p na p', akague kwa makini zaidi, maana kwake ritifaa ikipotea neno limegeuka jingine.

Mashairi yanataka subira. Markdown hukusanya mistari iliyofuatana ikawa aya moja, kwa hiyo tarbia ya mishororo minne hutoka kama habari ya gazeti. Wengine huweka nafasi mbili mwishoni mwa kila mshororo. Njia hiyo hufanya kazi, lakini nafasi hizo hazionekani, na baadhi ya programu za kuandikia huzifuta zenyewe faili likihifadhiwa. Mkwaju wa nyuma (\) mwishoni mwa mstari ni afadhali. Kwa Pandoc naona bora kabisa ni kuanza kila mshororo kwa mstari wa wima na nafasi moja, hivi:

| Mshororo wa kwanza
| Mshororo wa pili

Hapo mistari hukaa ilivyoandikwa, hata nafasi za mwanzoni mwake. Nafasi za katikati ndizo zinazobanwa kuwa moja, kwa hiyo mwenye kutenga ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo, kwa pengo pana atumie koma, au aweke vipande kwenye jedwali la safu mbili. Tena usisogeze ubeti ndani kwa kitufe cha Tab: aya iliyosogezwa nafasi nne huhesabiwa kuwa msimbo. Kisha chukua mshororo mrefu kuliko yote uujaribu kwa ukubwa wa herufi na karatasi utakayotumia. Mizani kumi na sita hukaa vyema kwenye A4, lakini kwenye A5 yenye herufi kubwa huweza kukatika na kuangusha kina mstari wa chini.

Mwenye historia aangalie miaka. Aya ikianza na tarakimu, nukta na nafasi, Markdown huiona kuwa orodha yenye namba. Andika “1593. Wareno waanza kujenga Fort Jesus”, na aya inayofuata “1698. Ngome yaangukia Waomani”. Pandoc itashika namba ya kwanza na kuendelea kuhesabu, kitabu kitoke na 1593 na 1594. Tarehe ya uongo imechapishwa na hakuna onyo lililotolewa. Weka mkwaju wa nyuma kabla ya nukta, au anza kwa neno “Mwaka”. Kwa upande mwingine, orodha halisi isiyotanguliwa na mstari mtupu Pandoc huimeza ndani ya aya iliyo juu yake.

Jina la kitabu likiwa na nukta mbili (:), lizungushie alama za kunukuu katika maelezo ya mwanzo wa faili, la sivyo hayatasomeka. Sura zipe namba za tarakimu mbili, kwa kuwa kompyuta ikipanga kwa alfabeti huweka sura-10 mbele ya sura-2. Tanbihi nazo zikianza upya na 1 katika kila faili zitagongana faili zikiunganishwa. Zipe majina tofauti, au tumia chaguo la Pandoc liitwalo --file-scope, linalosoma kila faili peke yake.

Kama kuna aya za Kiarabu au utenzi kwa hati ya Kiarabu, tumia XeLaTeX au LuaLaTeX, matoleo ya LaTeX yanayoweza kutumia fonti za kompyuta yako, uchague fonti yenye herufi hizo, kama Amiri au Scheherazade New, na utaje kwamba sehemu hiyo yasomwa kulia kwenda kushoto. Herufi isiyokuwemo kwenye fonti huachwa pengo, na Pandoc hutoa onyo tu kwenye skrini, lenye maneno “Missing character”. Lisome kila mara.

Picha ombeni asili yake. Iliyotumwa kama picha ya kawaida kwa WhatsApp huwa imebanwa. Itumwe kama hati. Kwa pikseli 300 kwa inchi, picha ya pikseli 1200 yatosha upana wa inchi 4 tu.

TeX Live kamili, yaani mkusanyiko wa LaTeX na vifaa vyake, ni gigabaiti kadhaa, basi ipakue penye intaneti isiyohesabiwa kwa bando.

Mwisho ni karatasi. LaTeX isipoelezwa huchukulia ile ya Marekani, milimita 216 kwa 279, na matbaa zetu hutumia A4 ya 210 kwa 297 au nusu yake. Muulize fundi ukubwa na pambizo ya upande unaojalidiwa kabla hujageuza chochote, maana vikibadilika, mishororo yote mirefu itabidi ijaribiwe upya.