Monita ya mtumba ina rangi za ajabu? Anza na waya

Monita ya mtumba ikionyesha picha yenye rangi za ajabu, usikimbilie kuifungua. Tikisa waya wa VGA, yaani ule unaoleta picha kutoka kwenye kompyuta, karibu na plagi yake. Rangi zikirudi na kupotea, ugonjwa uko hapo. Rangi yenyewe inakuambia kilichokatika: picha ikiwa ya manjano, buluu haifiki, ikiwa ya zambarau, ni kijani, ikiwa ya samawati, ni nyekundu. Rangi hizo tatu hupita kwenye pini, vile vijiti vya ndani ya plagi: ya 1 (nyekundu), 2 (kijani) na 3 (buluu). Pini iliyopinda inyooshe polepole kwa kibano chembamba. Ya 9 mara nyingi haipo tangu kiwandani, basi usihangaike kuitafuta.

Waya wa VGA ulioharibika, kama unachomolewa kwenye monita, nunua mwingine. Kulehemu vinyaya vile vyote ni kujitesa, labda kama umeshikana na monita yenyewe.

Waya wa umeme uliochubuka haufungwi selotepu, unatupwa. Ikiwa monita inatumia adapta, volti za adapta zilingane na zilizoandikwa nyuma ya monita, na chanya na hasi zikae upande uleule. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue.