Namna ya kuisikiliza albamu ya roki nzito kabla hujaihukumu

Albamu ya kwanza ya roki nzito niliyoisikia maishani ilinifanya nifungue redio bure. Ilikuwa mwaka 1996, hapahapa Ngamiani, Tanga, bado najifunza ufundi. Baharia mmoja alileta redio kaseti iliyokuwa inakula tepu. Nilipomaliza kuitengeneza nikaijaribu kwa kaseti aliyoiacha ndani. Akasikika mtu anakohoa. Kikohozi kilekile, tena na tena. Nikajua hedi, kile kichwa kinachosoma tepu, ni chafu, nikaisafisha kwa spiriti na pamba, nikarudisha tepu mwanzo. Kikohozi. Safari hii nikaiacha iendelee, na nyuma ya kile kikohozi likaingia gitaa zito kama mtu anakokota kabati la mninga kwenye sakafu ya saruji.

Ilikuwa Master of Reality ya bendi ya Black Sabbath, albamu ya mwaka 1971, na kikohozi ni cha mpiga gitaa wao, Tony Iommi, kiliwekwa pale kwa makusudi. Baharia hakurudi kuchukua redio yake kwa miezi minne. Nilijifunza kusikiliza katika miezi hiyo minne.

Tangu hapo kila anayekaa kwenye benchi la karakana yangu huniuliza kelele hizi nazielewaje. Jibu langu huanzia mahali ambapo wengi hawapatarajii: hakikisha nyimbo zimekaa kwa mpangilio wake. Kaseti ilinifunza hilo bila mimi kujua, kwa sababu kaseti huwezi kuirukaruka ovyo. Baadaye zilipokuja flashi, nikamlipa kijana mmoja aniwekee Master of Puppets ya bendi ya Metallica, ya mwaka 1986. Akaniwekea nyimbo zote nane, lakini zikawa zinapiga kwa kufuata alfabeti. Damage, Inc., wimbo uliotengenezwa ufunge albamu, ukawa wa pili. Disposable Heroes ukafuatia. Nilisikiliza hivyo kwa miaka miwili, nikawa nawaambia watu kwamba albamu hii inasifiwa kupita kiasi. Niliikosea sana. Kwa hiyo kabla ya yote, tafuta orodha halisi ya nyimbo, kisha weka 01, 02, 03 mbele ya kila jina. Kazi ya dakika tano.

Pili ni chombo. Spika ya simu achana nayo kabisa. Ni ndogo kama kifungo cha koti, haina nguvu ya kusukuma sauti nzito, na roki nzito bila uzito inabaki mlio wa nyuki kwenye kopo. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha. Mwenye sabufa naye ana kosa lake: watu huzungusha besi hadi mwisho kama wanapiga singeli. Gitaa za muziki huu zinaishi kwenye sauti za katikati, kati ya besi na trebo, na besi ikizidi inazifunika, usikie mtikisiko tu. Rudisha besi na trebo katikati, zima vikorombwezo vyote vya kubadili sauti (ekolaiza), na sauti iwe ya kadiri. Huna haja ya kupasua masikio.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Kama umekulia kwenye muziki wa dansi, sikio lako limeshafanya nusu ya kazi. Anayewasikiliza Msondo au Sikinde anajua kutenganisha solo, rizimu na besi, anajua wimbo unaweza kuanza taratibu kisha ukachemka katikati. Tumia ujuzi huohuo. Tofauti ni kwamba huku mwenye nyumba ni gitaa la rizimu: kifungu kifupi kinachorudiwarudiwa, ambacho wenyewe hukiita rifu, ndicho kinachobeba wimbo. Mara ya kwanza sikiliza albamu nzima ukifuata rifu tu. Mara ya pili fuata besi. Mara ya tatu ngoma. Sauti ya mwimbaji iweke mwisho. Sisi tumezoea maneno yatangulie, ndiyo maana mgeni huanza na sauti, na sauti ndiyo inayomfukuza.

Anza na hiyohiyo Master of Reality. Inachukua kama dakika 34, muda wa kusubiri wali uive. Najua wengi watakutajia Paranoid ya mwaka 1970, na kweli ndiyo yenye nyimbo maarufu, lakini mimi naiweka hii mbele, na sababu iko kwenye vidole vya Iommi. Alikuwa kijana wa Birmingham, mfanyakazi wa kiwanda cha bati. Akiwa na miaka 17, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akafinyanga vikofia vya kuvaa vidoleni, akavifunika kwa ngozi. Akatafuta nyuzi nyepesi. Kufikia albamu hii ya tatu alikuwa amelegeza nyuzi kwa nusu toni tatu, yaani hatua tatu ndogo za sauti kwenda chini, ili zisimtese, na mlio ukashuka, ukawa mzito na mweusi. Mimi ni fundi, nashika vitu vidogo kutwa nzima, na kila nikisikia rifu ya wimbo wa Into the Void naviona vile vikofia. Uzito wa muziki huu wote tunaouita hevi metali una deni kwa vidole vile.

Angalia pia jinsi upande wa pili unavyofunguka kwa Orchid, gitaa tupu lisilo na umeme, dakika moja na nusu ya kupumua. Ukiuruka huo unakuwa umekata pumzi ya albamu.

Kuhusu wanaosema muziki huu ni wa shetani: marehemu mama alinizuia kupiga kaseti ile nyumbani. Nikakaa naye nikamtafsiria wimbo wa pili, After Forever, unaomuuliza msikilizaji kama amewahi kuifikiria roho yake baada ya kufa, na kumtaka asimdharau Mungu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniruhusu, ila nipunguze sauti. Wimbo wa kwanza unasifu bangi, hilo pia nilimwambia. Soma maneno mwenyewe kabla ya kupokea hukumu ya mtu.

Ukishaizoea hiyo, nenda Zambia. Miaka ya 70 majirani zetu walikuwa na roki yao, Zamrock, gitaa zenye mkwaruzo juu ya mapigo ambayo mguu wako unayajua tayari. Albamu ya Africa ya bendi ya Amanaz, ya mwaka 1975, haina haraka na ina huzuni inayotulia moyoni. Lazy Bones!! ya bendi ya WITCH, mwaka huohuo, ni kali zaidi. Queen II, albamu ya bendi ya Queen ya mwaka 1974, nayo usiiache, hasa upande wa pili, ambao nyimbo zote alitunga mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Unguja. Sikiliza sauti zilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kundi la Duma la Nairobi, na albamu yao ya mwaka 2020, waache kwanza. Ni kazi ya nguvu mno, lakini sikio changa litaumia.

Halafu ndipo uje kwa Master of Puppets, kwa mpangilio wake. Mpiga besi ni Cliff Burton, aliyefariki mwaka huohuo wa 1986, mwezi Septemba, basi la bendi lilipopinduka Sweden. Alikuwa na miaka 24. Albamu iliyofuata, ya mwaka 1988, ina tungo nzuri, lakini besi ya mrithi wake imeshushwa hadi haisikiki, na inaniuma kila mara. Wateja huniletea sabufa niwatafutie besi ile. Hakuna kitufe cha kuongeza kitu kilichopunguzwa studioni.

Kwa hiyo msikilize Burton hapa, kwenye Orion, wimbo wa saba, usio na mwimbaji. Unatokea mbali, unakusanya nguvu, kisha katikati vyombo vyote vinakaa kimya na besi inabaki peke yake, inatembea polepole. Gitaa zinarudi moja moja kuifuata. Mwishoni wimbo unafifia taratibu hadi kimya. Usiguse kitufe. Kwenye kimya hicho utasikia mlio unavimba na kupungua kama mawimbi: ni besi ya Burton iliyorekodiwa ikageuzwa iende kinyumenyume. Huo ndio mwanzo wa Damage, Inc. Kaa nao hivyohivyo mpaka gitaa zilipuke.