Pima kila upande kabla ya kubandua bati

Ukipata kazi ya kukarabati gari kama Delahaye 135 la miaka ya 1930, lenye bodi ya Figoni et Falaschi, waunda bodi za magari wa Ufaransa, usikimbilie kubandua bati. Anza na karatasi ngumu na timazi. Bodi hizi zilipigwa kwa nyundo, gari moja moja, juu ya fremu ya mbao, kwa hiyo madigadi ya kushoto na ya kulia hayalingani kabisa. Wala si kosa. Ndivyo mkono wa fundi ulivyokwenda. Kata kiolezo cha kila upande peke yake, kiandike, ndipo ufungue.

Mbao ikiwa imeoza, tafadhali usitupe hata kipande. Hata iliyoliwa na wadudu bado inaonyesha mkunjo wake na matundu ya misumari ya zamani. Ipanguse taratibu kwa brashi laini, utafute namba iliyogongwa au alama ya penseli. Ukiikuta kwenye mbao za mlango, utajua kama mlango huo ulizaliwa na gari hilo.

Milango mimi huifungua mwisho, baada ya kukaza nguzo zake kwa vyuma vya muda. Fremu ikilegea, mlango haukai tena.